Joto la maji yanayochemka linakwenda wapi?

Umeuliza kwa nini maji yakishachemka hubaki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi hata ukikoleza moto. Jibu limo kwenye molekuli zenyewe, yaani chembe ndogo mno zinazounda maji. Katika kimiminika zinatelezeana huku na huku, lakini bado zinavutana. Kabla ya kuchemka, joto linaziongezea mwendo, ndiyo maana kipimajoto kinapanda. Yakishaanza kuchemka, joto lote unaloongeza linatumika kuzitenganisha. Mwendo wake hauongezeki, basi kipimajoto kinatulia palepale.

Na kazi hiyo si ndogo hata kidogo! Kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) 420 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke kunataka takriban 2,260, zaidi ya mara 5. Angalia sufuria kwa karibu: vile vipovu vidogo vya mwanzo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka majini, ila mapovu makubwa ya mchemko wenyewe ni mvuke mtupu.

Barafu nayo hivyohivyo, haivuki nyuzi 0 mpaka iyeyuke yote. (Hizo 100 ni za usawa wa bahari, mlimani hewa inagandamiza kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.)