Wagner na Hoffman: tofauti ya sevu 179 isikudanganye

Mkuu, umeuliza inawezekanaje Billy Wagner, mrushaji mmaliziaji mwenye sevu 422 (sevu ni ushindi mwembamba alioulinda mpaka mechi iishe) na iningi 903 tu (mechi ina iningi, yaani vipindi, 9), aingie Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown mwaka 2025, na watu wathubutu kumweka juu ya mmaliziaji mwenzake Trevor Hoffman mwenye sevu 601, tena ukasema Wagner hakudumu. Mimi ni mmoja wa hao wanaothubutu. Zamani niliamini kama wewe.

Nilifika Houston mwaka 1998 nikitokea Tanga, nikapata kazi ya usiku ghalani. Redio ya mle ndani haikujua kitu kingine zaidi ya Astros, timu ya Houston. Iningi ya 9 ikifika, Wagner anaingia, anarusha kwa mkono wa kushoto mpira wa kasi ya kutisha, ghala zima linanyamaza. Nikanunua daftari: kila sevu, mstari mmoja.

Daftari hilohilo ndilo lililonibadilisha. Msimu ulipoisha niliandika pembeni ya kila mstari timu ilikuwa inaongoza kwa pointi ngapi alipoingia. Nyingi zilikuwa 2 au 3. Sheria ya sevu, iliyo rasmi tangu 1969, inakubali uongozi wa pointi 3 mrushaji akimaliza iningi nzima. Sasa, timu ya nyumbani ikiingia iningi ya 9 mbele kwa pointi 1 hushinda takribani mara 85 katika 100. Ikiwa mbele kwa 3, zaidi ya mara 95. Kazi mbili tofauti kabisa, mstari mmoja uleule. Hapo ndipo vinapokuja vipimo vya uzito wa wakati: kila mrusho hupimwa kwa jinsi ulivyosogeza uwezekano wa timu kushinda. Sevu inakwambia kocha alimwita nani. Haikwambii alirusha vipi.

Kwa hiyo mimi huanza na pointi alizoruhusu mrushaji mwenyewe, bila zile za makosa ya walinzi. Wagner ana ERA ya 2.31, yaani wastani wa pointi hizo kwa kila iningi 9, Hoffman 2.87. Unaweza kusema tofauti ni ndogo, tena Hoffman alirusha iningi 186 zaidi. Haya, kaa na kalamu. Wagner aliruhusu pointi 232 za namna hiyo, Hoffman 347. Ili wafanane, mrudishe Wagner uwanjani arushe hizo iningi 186 na aruhusu pointi 115. Hiyo ni ERA ya zaidi ya 5.5, mrushaji wa namna hiyo hufukuzwa kazi! Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu.

ERA+ inasema vilevile, na yenyewe husawazisha viwanja na zama: wastani wa ligi ni 100, Hoffman ana 141, Wagner 187. Na hakusaidiwa sana na walinzi wake, maana aliwatoa wapigaji 1,196 kwa straiki, yaani bila mpira kupigwa kwenda kwa walinzi, karibu 12 kwa kila iningi 9.

WAR, yaani idadi ya ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kuliko mchezaji wa akiba, ndiyo huwachanganya wengi. Wote wawili wana karibu 28, na mtu akiilinganisha na ya warushaji wanaoanza mchezo anacheka. Lakini anayeanza hurusha hata iningi 200 kwa msimu, hawa 60 au 70. Kipimo kinachojumlisha wingi wa kazi lazima kiwabane. Mariano Rivera, mmaliziaji wa New York Yankees, peke yake ndiye aliyepenya, akiwa na 56, na huyo simlinganishi na yeyote.

Doa la Wagner lipo, silifichi: kwenye mechi za mtoano alirusha iningi 11 na theluthi 2, ERA 10.03. Zinaumiza. Ila siwezi kuziacha iningi 11 zifute 903, ingawa Rivera alirusha 141 za mtoano kwa ERA ya 0.70.

Na hoja yako kwamba hakudumu, angalia mwaka wake wa mwisho, 2010, akiwa Atlanta: sevu 37, ERA 1.43, wapigaji 104 waliotolewa kwa straiki, na umri wa miaka 39. Angebaki miaka miwili zaidi kwa kasi hiyo angezikaribia sevu 500 na wewe usingeuliza swali hili. Alichagua kwenda nyumbani kwa familia yake.