Re: Picha za hereni zangu nimezikuta duka la mtu mwingine, nifanyeje? (yalinikuta mimi na kobe wangu)

Pole sana mwenzangu. Nimesoma ulivyoeleza, kwamba picha zako za hereni za shanga umezikuta kwenye duka la mtu usiyemjua, kaweka bei robo ya yako, na wenzako kwenye grupu wanasema leo usiku wote mkamripoti kwa mpigo kwa wizi wa hakimiliki. Hebu subirini kwanza. Mi hilo nilishalifanya na liliniumiza kuliko wizi wenyewe.

Mimi nafuma vidoli kwa kroshia. Kuna kobe mmoja nilimbuni mwenyewe, gamba lake linavuliwa kama koti na ndani kavaa kaptula. Usicheke, huyo kobe ndo alikuwa analipa bili zangu. Siku moja naamka nakuta mama mmoja kaniingilia inboksi kwa ukali ajabu, mara mwizi, mara umeniletea takataka mtoto kalia, na picha kaweka: kitu cha kitambaa kimejazwa pamba, macho ya kubandika na gundi, gamba limeshonewa hapo hapo halivuki wala nini. Namwambia dada mbona hiyo oda siijui, akanitupia linki. Kufungua, picha saba, zote zangu. Kuna moja nimemshika kobe na kidole gumba changu kinaonekana kina kovu la pasi, yaani jamaa kaniiba mpaka kovu.

Af kuna jambo wateja wengi hawalijui, kroshia halisi ni kazi ya mkono, zile mashine za kufuma masweta ni ufumaji mwingine kabisa. Kwa hiyo ukiona kidoli cha kroshia kinauzwa bei ya pipi, ama utaletewa kitu tofauti ama kuna mtu kakaa kakifuma masaa mengi akalipwa senti. Basi turudi.

Nikapandwa na hasira, nikaposti linki kwa wafuasi wangu wote, nikaandika nendeni mkamwambie. Wakaenda bana. Komenti za matusi zikajaa, wengine wakaripoti, mi nakaa naangalia roho inasuuzika. Kesho yake duka halipo. Nikashangilia kama mjinga, kumbe kalifunga mwenyewe, na siku chache baadaye kafungua lingine kwa jina jipya na safari hii mimi na nusu ya marafiki zangu ametublock. Na ushahidi? Sina. Skrinishoti nilikuwa nayo moja tu, imekatwa, haina anwani ya ukurasa wala tarehe. Hapo hapo nikaja kujua kuna watu walibonyeza linki yangu wakaona bei rahisi wakanunua, yaani nilimfanyia matangazo ya bure.

Lakini lililonitoa jasho ni jingine. Katika ile fujo kuna mwenzetu mmoja naye alikuwa anauza kobe, kamfuma kivyake, gamba halivuki, rangi nyingine, hana hata picha moja yangu. Watu wakamvamia na yeye kwa sababu "ni kobe". Alifunga komenti wiki nzima. Nilimwandikia kumwomba radhi, akanijibu neno moja, "sawa", na hiyo sawa mpaka leo naisikia.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili dada yangu. Picha uliyoipiga ni yako tangu ulipobonyeza kamera, na kwenye nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki wa tangu 1886, huhitaji kuisajili kwanza ndo ilindwe. Maelekezo ya kutengeneza uliyoyaandika nayo ni yako. Lakini wazo la kobe aliyevaa nguo si la mtu, na namna ya kutunga shanga au kufuma mshono fulani haina mwenyewe. Umbo la hereni zenyewe linategemea sheria za nchi na kama umesajili usanifu, hapo ni kazi ya wakili, mi sigusi. Wewe anza na picha, ndo ngoma nyepesi kushinda.

Mwizi aliporudi na duka jipya nilikuwa nimepoa. Nikaandika kwenye grupu letu dogo la wafumaji, watu kumi na kitu, nikasema hakuna kukomenti, hakuna kumgusa, naomba macho tu. Hapo ndo nikaona faida ya kuwa na wenzio. Mmoja ambaye hajablokiwa akapiga skrinishoti ukurasa mzima na anwani juu, kila bidhaa, af akazibandika linki kwenye Wayback Machine, ile tovuti inayohifadhi kurasa za mtandao, ibaki nakala yenye tarehe isiyotoka kwetu. Mwingine akapitisha picha za lile duka kwenye Google Lens na TinEye, zile zinazotafuta picha ilipo kwingine mtandaoni, akagundua hatukuibiwa mimi peke yangu, kuna dada wa vikapu na kaka mmoja wa mbao hawana hata habari, tukawashtua. Na yule aliyenijaribia maelekezo ya kobe kabla sijayauza alikuwa bado na barua pepe zetu zenye tarehe. Mimi nikachimbua faili orijino kwenye simu, zile kubwa ambazo mwizi hana, yeye ana zile ndogo za kudownload.

Ripoti ya hakimiliki niliijaza mwenyewe. Hapa ndo wenzako wanakosea. Masoko mengi makubwa yanafuata utaratibu wa sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya 1998, DMCA, na fomu yake inakutaka utamke, chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo, kwamba wewe ndo mwenye haki au umeruhusiwa naye. Marafiki hamsini wakiijaza kila mtu anadai picha ni zake si msaada, ni uongo hamsini, na unaweza kuharibu ripoti yako ya kweli. Wao waripoti kama duka la kitapeli, hiyo yeyote anaweza. Wewe unaweka linki ya picha yako, linki ya picha yake, moja moja, usiandike "duka zima". Na ujue taarifa zako zinaweza kupelekwa kwake, so tumia anwani ya biashara kama unayo, usiweke ya nyumbani. Akipinga, bidhaa inaweza kurudishwa baada ya siku 10 mpaka 14 za kazi usipofungua kesi. Wangu hakupinga, wengi wa hivyo hawataki kutoa majina yao halisi. Dada wa vikapu na kaka wa mbao nao wakapeleka zao, kila mtu kwa jina lake, na duka likaondoka.

Yule mama wa kwanza nilimwambia adai hela yake kupitia benki kwamba kaletewa kitu sicho, akarudishiwa. Sasa hivi ni mteja wangu, ana makobe wawili.

Mwizi karudi tena? Ndiyo, picha mbili, duka lingine. Ilinichukua nusu saa maana faili lipo tayari. Siku hizi picha zangu kuna mkono wangu kila moja, na jina nalipitisha juu ya gamba lenyewe, pembeni wanakata.

Wewe sasa hivi mwambie huyo anayehamasisha kwenye grupu asimamishe, usimtumie mwizi meseji yoyote, af linki nitumie inboksi usiziweke hapa. Leo usiku nipo macho, namalizia oda, naweza kukupigia hizo skrinishoti kabla hajashtuka.