Muulize Fundi: Mashine ya mkutano wa simu haijibu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nasimamia ukumbi wa mikutano hapa Lindi mjini, tumenunua mashine ya sauti iliyotumika, ni SoundStructure ya Polycom yenye kadi ya ndani ya kuunganisha laini ya simu, maiki zinaingia humo halafu tunaongea na watu wa Dar na Dodoma. Sasa nataka katibu awe anabonyeza tu kwenye laptopu, maiki zizime, simu ikatike, asihangaike. Nimechomeka adapta ya USB kwenda poti ya seriali, ile ya pini 9 ya kupokea amri, nimefungua PuTTY, programu ya kutuma amri kwa maandishi, nikaandika amri ya kuzima maiki, kimya. Siku ya tatu hii. Mashine mbovu au mimi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiseme mbovu bado, mashine iliyo kimya mara nyingi ni haijasikia. Anza na waya. Chomoa mwisho wa adapta, utaona pini 9, chukua kipande cha waya mwembamba ugusanishe pini ya 2 na ya 3, kisha andika chochote kwenye PuTTY. Pini moja inatuma nyingine inapokea, kwa hiyo herufi zikirudi kwenye skrini adapta yako nzima na driva, ile programu inayoifanya laptopu iitambue adapta, imekaa, zisiporudi tatizo liko hapohapo na mashine umeisingizia. Adapta ikiwa salama basi jaribu waya uliovuka, yaani 2 inaenda 3 na 3 inaenda 2, maana kuna vifaa vinataka wa moja kwa moja na vingine vinataka uliovuka, na kwa macho zinafanana kabisa.

Halafu spidi. Hiyo mashine kiwandani inatoka na spidi ya 9600, na mipangilio mingine ya kujaza kwenye PuTTY ni biti 8, bila pariti, stopu moja, lakini yako imetumika, mwenye nayo wa kwanza huenda alibadilisha. Ukiona zinarudi takataka, alama za ajabu ajabu, furahi, waya uko sawa ila spidi hazilingani.

Amri yenyewe inakaa hivi: set mute "Maiki 1" 1, halafu Enta, ile 1 ya mwisho maana yake zima. Jina lililo ndani ya alama za kunukuu ni lile alilolipa aliyeisetia mashine, sio la kubuni, akiandika kwa herufi kubwa na wewe kubwa. Na hiyo Enta ni sehemu ya amri, ni herufi namba 13, ukija kutengeneza programu yako ya vitufe ukaisahau mashine itakaa inasubiri umalize sentensi. Ikielewa inajibu val mute "Maiki 1" 1.

Hilo jibu ndilo nataka tukae nalo kidogo. Msimu mmoja wa korosho niliwafungia watu wa ushirika huku Mtwara kitu kama hiki, programu niliandika mwenyewe, ukibonyeza Kata Simu kitufe kinageuka chekundu na maandishi yanasema imekatwa. Siku hiyo adapta ilikuwa imelegea, amri haikufika, kitufe kikawa chekundu vilevile. Wazee wakajua wamebaki wenyewe, wakaanza kuambizana bei ya chini kabisa watakayokubali kwa kilo, na upande wa pili mnunuzi bado yuko kwenye laini anasikia kila neno. Ile ni jasho la mwaka mzima la watu, niliumia sana na mpaka leo naumia.

Kosa ni kwamba kitufe kilionyesha nilichotuma, sio kilichotokea. Wewe kitufe kisibadilike rangi mpaka lile jibu la val lirudi, ikipita sekunde mbili kimya kiandike HAKUNA JIBU kwa herufi kubwa, na kila baada ya sekunde chache programu iulize yenyewe kwa get, yaani amri ya kuuliza hali ilivyo sasa, maana mtu anaweza kubadilisha kitu kwa njia nyingine na skrini yako isijue. Kwenye kukata simu hapo usikubali njia ya mkato hata kidogo.

SWALI: Fundi, niko Mikindani, mashine iko stoo na laptopu iko mbele ukumbini, waya wa seriali kama mita 40, amri zingine zinafika zingine hazifiki. Nibadilishe mashine?

JIBU: Usibadilishe. Seriali ya aina hii, inaitwa RS-232, kwa kawaida inahesabiwa mita 15 hivi, zaidi ya hapo ni bahati, na ukiwa umeulaza pamoja na nyaya za umeme ndio kabisa. Tafuta kigeuzi cha seriali kwenda netiweki ukiweke stoo hukohuko, waya mfupi wa mita moja kuingia kwenye mashine, halafu kebo ya netiweki ndio ije mbele, hiyo mita 100 inakwenda vizuri. Kama mashine yako ina poti ya netiweki yenyewe basi hata kigeuzi huhitaji. Na kwa kuwa uko ufukweni fungua vile vichwa vya waya uangalie pini, chumvi ya bahari inazifanya nyeusi au kijani, safisha kwa spiriti, acha zikauke, kaza zile skrubu mbili za pembeni, wengi wanaziacha.