Ukichaguliwa waziri wa michezo chuo cha kilimo, anza na zamu ya maziwa

Mechi ya kwanza niliyoiandaa nikiwa waziri wa michezo tuliianza tukiwa tisa. Wageni wetu, chuo jirani cha ualimu, walikuja kumi na nane, na kocha wao, na katoni za maji. Kwetu golikipa hayupo, beki wa kati hayupo. Saa kumi na robo jioni nikamtuma mtu bwenini, akarudi peke yake. Sheria inaruhusu timu kucheza ikiwa na watu saba, kwa hiyo refa akapuliza filimbi, nami nikamvalisha winga glavu. Mlezi wa michezo akanisogelea pembeni, akauliza taratibu: "Waziri, umeangalia zamu ya maziwa?"

Walikuwa bandani. Saa kumi jioni ng'ombe wanakamuliwa, na ng'ombe hajui kama kuna wageni. Golikipa alifika kipindi cha pili, gambuti miguuni, mikono inanukia dawa ya kuchovyea chuchu, tukiwa tumeshachapwa nne. Ziliisha sita.

Chuo sikitaji. Ni kidogo, kiko Nyanda za Juu Kusini, enzi zetu wanafunzi hatukufika mia mbili na hamsini kwa astashahada na stashahada pamoja. Nilishika michezo misimu miwili. Wa kwanza niliuharibu mwenyewe, wa pili ulikwenda vizuri, na tofauti kubwa ilikuwa moja: safari ya pili nilipanga ratiba nikiwa na kalenda ya shamba mkononi. Kama umechaguliwa juzi na bado una shauku, kaa chini nikueleze.

Kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inakatika Aprili, ikichelewa sana mwanzoni mwa Mei. Mahindi yanapandwa na mvua za kwanza, Desemba na Januari ni palizi na mbolea ya kukuzia. Mimi, kwa akili zangu, ligi ya mabweni nikaiweka Januari. Watu wameshika jembe tangu saa moja asubuhi, viuno vimekaza, halafu jioni unawataka wakimbie dakika tisini kwenye tope. Wiki ya tatu timu mbili zikajitoa. Hawakuandika hata barua, hawakutokea tu.

Msimu uliofuata ligi nikaiweka kati ya wiki ya pili ya Mei na katikati ya Juni. Uwanja umekauka lakini haujawa mgumu kama sakafu, mitihani bado iko mbele kidogo, na mahindi yanasubiri kukauka. Nusu moja ya mechi tukaifanya dakika 30, tukaanza saa kumi na moja jioni, ng'ombe wameshakamuliwa na maziwa yameshapimwa. Jua kwetu mwezi Juni linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa hiyo mechi inaisha mwanga ukiwepo. Mlio kwenye ukanda wa vuli na masika hesabu yenu ni nyingine, maana kiangazi cha katikati ni kifupi na hakitabiriki. Muulizeni meneja wa shamba kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Yeye ndiye anayejua lini mikono yote itahitajika shambani, na akikubali tarehe zako, hakuna atakayezigusa.

Kuna na fildi. Wa mwaka wa pili wakiondoka kwenda mafunzo kwa vitendo, timu inabaki jina. Chuo cha watu elfu tano hakioni pengo hilo. Sisi nusu ya kikosi ilipanda basi siku moja, na kapteni akiwemo. Kwa hiyo wiki ile ya usajili wa mwaka wa kwanza usikae ofisini. Simama kwenye foleni na daftari, uliza nani alicheza UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, na nafasi gani. Tulimpata msichana mmoja aliyefika ngazi ya mkoa kwenye netiboli, kimya kabisa, angemaliza miaka miwili hakuna aliyejua. Huyo ndiye aliyetubebea msimu. Timu ya wasichana kwa jumla ilitushinda sisi wavulana kwa kila kitu, hasa kufika mazoezini, na naona aibu kwamba mwaka wa kwanza niliwapa mpira mmoja uliochunika.

Uwanja sasa. Wetu ulikuwa malisho yenye milingoti. Stoo ya shamba kuna mifuko ya chokaa, na utashawishika kuchukua wowote uchore mistari. Uliza kwanza ni chokaa gani. Ile ya kilimo, ya mawe yaliyosagwa tunayotia kwenye udongo wenye asidi, haina neno. Ile iliyochomwa, ya kujengea na kupaka kuta, inaunguza. Beki akiiangukia na jasho lake, au ikamwingia jichoni, mechi yenu imehamia zahanati. Sisi ya kilimo ilipokwisha tulichora kwa majivu ya jikoni, yakaonekana vizuri tu hadi mapumziko.

Pembe za uwanja wa netiboli tulizipata kwa kamba ya kupandia, kile kile tulichofundishwa kwenye upimaji wa shamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo mbili ikisoma mita 5, hapo una pembe mraba. Urefu mita 30.5, upana 15.25. Milingoti tulikata mikaratusi, pete tukampelekea fundi wa kuchomelea, kipenyo sentimita 38, ikafungwa mita 3.05 kutoka chini. Fundi alitaka kutufanyia kubwa zaidi "ili magoli yawe mengi". Nilikaa naye mpaka akamaliza.

Golini, ambako majani yalikuwa yameisha kabisa, tulipandikiza vipande vya ukoka mwezi Januari, mvua ikamwagilia. Mbuzi na kondoo waacheni wakate nyasi wakati wa ukavu. Ng'ombe msiwapitishe uwanjani mvua ikinyesha, maana kila kwato inaacha shimo, na shimo la Machi likikauka ndilo linalotegua kifundo cha mtu Juni.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo vyuo vingine havilifikirii. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na sisi tulikuwa tunacheza juu ya vyote viwili, wengine peku kwa sababu njumu hawana. Wakati unaandika jina na namba ya jezi, andika pia lini mtu alichoma sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Wengi watakuambia hawakumbuki. Peleka orodha hiyo zahanati kabla ya mechi ya kwanza. Kidonda kioshwe pale pale kwa maji mengi na sabuni, na aliyechomwa na msumari au mti asiambiwe ajikaze.

Barafu ni kisa kingine. Nusu fainali kiungo wetu aliteguka, na kijana mmoja mwenye moyo mwema akakimbia maabara, akatoa vibarafu kwenye kibebeo cha chanjo, akamwekea. Mguu ulipona. Chanjo ya kideri iliyokuwa ndani, iliyokuwa iende kijijini kesho yake kwa kuku wa watu, ilikaa kwenye joto mpaka usiku. Mkufunzi hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alituita ofisini, akatuonyesha chupa moja moja, akatuambia kila moja ilikuwa ya kuku wangapi. Tangu siku ile tulikuwa na vibarafu vyetu, mifuko ya maji ya kawaida iliyogandishwa kwenye friji ya kantini, na nilimlipa mama wa kantini kwa chainizi, mboga za majani tulizolima wenyewe.

Chainizi ndiyo iliyotununulia mipira pia. Ada ya michezo ipo kwenye karatasi ya malipo, ila ukienda kuifuata utaambiwa bajeti imebana, na mara nyingi ni kweli. Nilizungushwa muhula mzima. Mwishoni nikaacha kuomba hela, nikaomba matuta manne kwenye bustani ya mafunzo, karibu na bomba. Hayo nikapewa siku hiyo hiyo, maana ardhi chuo kinayo. Tulipanda chainizi kwenye matatu na vitunguu vya majani kwenye moja, wachezaji wakamwagilia kwa zamu kama mazoezi ya kupasha mwili, na baada ya wiki tano hivi tukaanza kuwauzia wakufunzi na nyumba za jirani. Mipira miwili ya miguu, mmoja wa netiboli, pampu na sindano zake. Jezi hazikutosha, tulicheza na fulana za rangi moja zilizoandikwa namba kwa rangi ya ukutani. Sharti moja tu: pesa ishikwe na mtu asiyecheza. Mchezaji akishika pesa, kila pasi mbovu itageuka mjadala wa mapato na matumizi.

Mwaka wa kwanza nilijidai mbunifu, nikagawa timu kwa Simba na Yanga. Usirudie. Utani ulianza bwenini, ukaenda kantini, ukaishia kwa mtu kumwagiwa maji ya mchuzi. Gawa kwa kozi au kwa mabweni, na changanya mwaka wa kwanza na wa pili. Na siku ambayo Simba na Yanga wenyewe wanacheza, usiweke mechi. Niliweka. Refa wangu nilimkuta kibanda umiza, filimbi shingoni.

Zawadi ya bingwa ilikuwa mbuzi, kama bonanza zote. Tulimchagua kwenye kundi la chuo, dume la kuvutia, tukampitisha mbele ya watazamaji na utepe. Wasichana wa kozi ya mifugo walishinda ile netiboli kwa magoli matano, wakaja kumchukua, sufuria imeshabandikwa. Ndipo mkufunzi wa afya ya mifugo akainua mkono: kundi lote lilikuwa limenyweshwa dawa ya minyoo siku tatu nyuma, na muda wa kusubiri dawa iishe mwilini, ulioandikwa kwenye chupa, haujaisha. Hachinjwi. Mabingwa wenyewe ndio waliomuunga mkono, walikuwa wametoka kufanya mtihani wa mada hiyo hiyo. Tulikula ugali na maharage usiku ule. Mbuzi alifungwa nyuma ya bweni lao akisubiri siku zake, na wakamla kimyakimya bila kutualika. Kwa hiyo mbuzi wa zawadi mchague mwezi mmoja kabla, mtie alama sikioni, na jina lake liandikwe kwenye kitabu cha matibabu asiguswe.

Nilipomaliza niliacha daftari kwa mlezi. Ndani yake mna ramani ya uwanja yenye vipimo, idadi ya jezi zilizorudi na zile ambazo hazikurudi pamoja na majina ya waliozichukua, bei ya pampu, namba ya fundi. Ukurasa wa kwanza kabisa niliandika saa za kukamua, asubuhi na jioni, nikazipigia mstari mara mbili. Juzi waziri mpya alinipigia simu kuniuliza maana yake nini. Nilimuuliza mechi yao ya kwanza ni saa ngapi. Akasema saa kumi.