Injini kusoma 212: imechemsha, au ni hesabu?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimenunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kinasoma injini kupitia simu. Juzi nikitoka Tanga kwenda Lushoto na Noah yangu, hadi Mombo joto lilikuwa 194. Kupanda mlima likafika 212. Nikaambiwa hiyo ni farenhaiti. Nikachukua ongezeko la 18, nikatoa 32, nikazidisha kwa 5, nikagawa kwa 9. Nimepata hasi 8 kasoro kidogo. Sasa injini ilipoa mlimani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umenichekesha, lakini kosa lako wanalifanya hata waliosoma.

Ile 32 ni mahali maji yanapoganda kwenye kipimo cha farenhaiti. Unaitoa ukibadilisha joto lenyewe, kwa kuwa selsiasi inaanzia sifuri hapohapo. Ongezeko halina pa kuanzia, kwa hiyo hutoi kitu: 18 mara 5, gawa kwa 9, ni 10. Hakiki: 194 toa 32 ni 162, sawa na selsiasi 90. Na 212 ni 100 kamili. Umepanda digrii 10, basi.

Ukiwa barabarani, toa 32, gawa kwa mbili, ongeza sehemu ya kumi ya ulichopata. 212 inakupa 90 na 9, yaani 99. Inatosha. Ile ya “toa 30, gawa kwa mbili” iache kwa hali ya hewa. Hapa ingekupa 91.

Sasa mia si ndiyo maji yanachemka? Kwenye sufuria, ndiyo. Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, sufuria inachemka kwenye 95 hivi. Ila rejeta si sufuria. Kifuniko chake kina springi inayobana presha, na kikiwa kizima maji hayachemki mpaka yapite 115. Kwa hiyo kagua mpira wa kifuniko kabla ya kulaumu injini. Ukiona umepasuka, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo.

Kwa gari nyingi za petroli, 85 hadi 105 ni kawaida, na 90 yako ya tambarare inaonyesha thamostati, yaani ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, inafanya kazi. Atatokea mtu hapa Ngamiani akushauri uitoe eti Tanga kuna joto. Usikubali. Injini itachelewa kupata moto na itakunywa mafuta.

Ikisoma 230, ambayo ni 110, na bado inapanda, zima AC, tafuta pa kuegesha. Kifuniko usikiguse mpaka injini ipoe kabisa. Mimi nina kovu mkono wa kulia la haraka ya namna hiyo.

Kidude chako huenda kinakubali kubadilishwa kisome selsiasi, tazama kwenye mipangilio ya programu. Ila kwanza nihesabie 203 ni ngapi.