Hedifoni za kifahari zenye vikombe vilivyofungwa: je, bei inastahili?

Ndugu, umeuliza kama hedifoni za aina hii zinazouzwa mara kumi ya bei ya zile za kawaida zina sauti bora mara kumi. Hazina. Ugumu wa kuzitengeneza unatokana na umbo lenyewe: sauti inayotoka nyuma ya kiwambo, yaani utando unaotetemeka na kutoa sauti, haina pa kutokea, hivyo hugonga kuta za kikombe na kurudi, ikivuruga besi na sauti za kati, na mtengenezaji makini hugharamika kweli kuituliza. Kazi hiyo husikika. Mng’aro wa chuma na sanduku la kifahari, ambalo pengine utalifungua mara moja tu, havisikiki.

Sony MDR-7506, hedifoni ya vikombe vilivyofungwa iliyotoka mwaka 1991 na isiyo ghali, imeendelea kutumika studioni kwa miongo kadhaa. Ukiamua kupanda ngazi, zijaribu kwanza ukiwa umevaa miwani yako, ikiwa unayo, kwa sababu mwanya mdogo kati ya mto wa kikombe na ngozi hupunguza besi hata kwenye hedifoni ghali kabisa. Na kama huwa unasikiliza peke yako mahali tulivu, mimi ningechagua zenye vikombe wazi, zinazoacha sauti ya nyuma itoke nje.