Ukienda kula rameni Japani, maliza maswali mlangoni

Mgahawa wa rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, si kijiwe. Nawaambia hivyo wageni wote wanaofikia kwangu hapa Fukuoka, hasa waliozoea kuagiza supu kisha wakapiga stori mpaka mwenye mgahawa aanze kupandisha viti mezani. Huku utakuta kaunta yenye viti vichache, mpishi mmoja au wawili, na foleni inayokutazama mgongoni. Unakula, unatoka. Kwa hiyo yote ya kuamua, yaamue kabla hujaketi.

Migahawa mingi ina mashine ya tikiti pale mlangoni. Unatumbukiza pesa, unabonyeza kitufe, inatoka karatasi ndogo unayomkabidhi mhudumu. Kama maandishi ni ya Kijapani matupu, bonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto. Mara nyingi ndipo wanapoweka rameni wanayojivunia. Usiende na noti ya yeni 10,000, mashine nyingi haziipokei. Na tangu Japani ilipotoa noti mpya Julai 2024, zipo mashine kuukuu zilizozikataa hata zile za 1,000. Mimi hutembea na sarafu za 100 mfukoni, basi.

Sasa nguruwe, maana hilo ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Tonkotsu, rameni ya huku kwetu Fukuoka, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi hadi supu ikawa nyeupe kama maziwa. Wapenzi wa kitimoto, karibuni sana. Lakini kama huli, usidhani kwamba kumwomba mpishi aondoe zile nyama za juu kunatosha. Supu yenyewe ndiyo nguruwe. Rameni ya shio, yaani ya chumvi, na ile ya shoyu, yaani ya sosi ya soya, mara nyingi supu yake ni ya kuku au samaki, ila huweza kuchanganywa na mifupa ya nguruwe au kutiwa mafuta yake juu, na kwenye viungo mkaingia sake au mirin, ambavyo ni vileo. Rameni ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, ya jiji la Sapporo nayo, mboga zake mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo hayo ya nguruwe. Mwislamu asibahatishe, na asitegemee ishara za mikono kumweleza mpishi mwenye haraka. Atafute mgahawa wa halali kabla hajatoka hotelini. Tokyo, mtaa wa Asakusa, ipo Naritaya.

Ukikabidhi tikiti Fukuoka, utaulizwa tambi ziive kiasi gani. Jibu "kata", yaani ngumu. Tambi za huku ni nyembamba, na ndani ya supu ya moto zinaendelea kulainika huku wewe unapiga picha. Ndiyo maana hawakujazii nyingi kwa mkupuo. Ukikaribia kuzimaliza unaita "kaedama!", mpishi anakung'uta kichujio mara mbili tatu maji yatoke, kisha anakumiminia tambi nyingine kwenye bakuli lile lile, kwa nyongeza ndogo ya bei. Hapo ndipo mwenye njaa anaposhiba. Sharti moja tu: usiwe umeshamaliza supu.

Kuvuta tambi kwa sauti kunaruhusiwa. Bibi yangu angenifukuza mezani, lakini pale kaunta kila mtu anafanya hivyo, na kweli zinapoa zikiingia na hewa. Maji ya kunywa jimiminie mwenyewe, jagi liko mbele yako. Mkoba utie kwenye kikapu kilicho chini ya kiti au uutundike kwenye ndoano. Bakshishi haipo, ukiacha sarafu mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akurudishie. Ukimaliza, pandisha bakuli kwenye kibao cha juu cha kaunta, sema "gochisosama", yaani asante kwa chakula, umpishe anayesubiri.

Na mkiwa kundi la watu wanne watano, msing'ang'anie kuketi pamoja. Kiti kikipatikana, aliye mbele aingie. Stori mtamalizia nje.